Wenye watoto mliofungiwa ndani: mnagawanaje siku, simu na meza moja?

Mama Ghorofani ameandika (Mei 2020):

Wanajamvi, habari za kujifungia.

Najua mada za korona zimejaa humu, nyingi za takwimu na za nani alaumiwe. Mimi naulizia jambo la ndani ya nyumba tu, na naomba wajibu wenye watoto.

Tuko watano. Vyumba viwili na sebule, ghorofa ya nne, hakuna roshani. Mkubwa ni wa kiume, miaka kumi na minne. Wa katikati binti, minane. Mdogo ana mitatu. Amri ya hapa ni ileile mnayoijua wengi: kila nyumba anatoka mtu mmoja, kwa chakula au dawa, na kibali mkononi. Kibali chetu kimeandikwa jina la mume wangu. Yeye walau anaonana na jua akienda dukani. Mimi mara ya mwisho kukanyaga lami ni siku shule zilipofungwa, nilipokwenda kuchukua madaftari ya watoto.

Baba yao anafanyia kazi chumbani kwetu, mlango umefungwa, kwa sababu vikao vyake ni vya kuongea. Mimi ni karani wa mishahara, na mishahara haijui korona. Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Kazi yangu naifanyia kwenye meza ya kulia. Meza hiyohiyo ndiyo darasa la binti, ndiyo barabara ya magari ya mdogo, na ikifika saa saba lazima ifutwe watu wale. Kompyuta zipo mbili, zote za kazi. Simu yangu ndiyo shule ya watoto wawili. Kundi la wazazi la darasa la binti linaanza kulia kabla sijaamka, na walimu wa mkubwa kila mmoja ana saa yake. Juzi kipindi cha hesabu cha kaka kiligongana na kipindi cha kusoma cha dada, wakavutana simu hadi kioo kikapasuka pembeni.

Binti naye kachukua selotepu akaigawa sakafu ya sebule, upande wake na upande wa kaka yake. Choo kimeangukia kwa kaka. Tulicheka, halafu ikawa vita ya kweli.

Lakini anayenimaliza ni mdogo. Kila asubuhi anavaa viatu, cha kushoto mguu wa kulia, anakwenda kukaa sakafuni mbele ya mlango wa kutokea. Halii. Anakaa tu. Nikimwambia leo hatutoki anauliza, "Kesho?" Nami namjibu kesho, maana nikisema sijui ndipo kilio kinaanza.

Swali langu: nyie mnagawanaje siku? Msiniletee zile ratiba za rangi rangi zinazosambazwa. Ninayo moja kwenye friji, imebaki pambo. Nataka kujua nyumba yenye watu wa kweli inaendaje. Na huyu wa mlangoni nimwambie nini?

---

Pweza Mkavu amejibu:

Dada, mna kazi zote mbili na mshahara unaingia. Wapo ambao kikao chao cha asubuhi ni kuulizana leo watakula nini. Shukuru kwanza.

---

Mama Ghorofani:

Nashukuru, kaka. Nimeshashukuru tangu asubuhi, na bado simu ni moja.

---

Chaki Nyeupe amejibu:

Mimi ni mwalimu wa msingi, kwa hiyo nina hatia kidogo kwenye makundi hayo ya wazazi. Nikwambie siri ya darasani ambayo hatuisemi kwenye vikao: siku ya shule ni ndefu kwa sababu watoto ni wengi. Toa kupanga mstari, kuita majina, kusubiri aliyepoteza kalamu, kutuliza kelele, kusahihisha daftari moja baada ya jingine. Mtoto wa miaka minane akikaa na mtu mmoja anayemtazama kwa saa moja na nusu, amesoma. Usijaribu kuhamishia saa sita za shule kwenye meza yako. Huwezi, wala hatutegemei uweze, hata kama ujumbe wetu unasomeka kana kwamba tunategemea.

UNESCO inasema wanafunzi waliofungiwa shule ni zaidi ya bilioni 1.5. Dunia nzima iko nyuma ya mtaala kwa pamoja. Mwanao hajaachwa na mtu.

Kuhusu simu, andika kwa walimu wa mkubwa, mmoja mmoja na siyo kwenye kundi, kwamba simu ni moja na watoto ni wawili. Waombe kazi za wiki nzima Ijumaa, na vipindi virekodiwe avitazame baadaye. Wengi tutakubali, na tutashukuru kuwa kuna aliyesema. Kuna wazazi kimya kimya watoto wao wamepotea kabisa, sisi tunadhani ni uvivu. Kipindi cha moja kwa moja mpe binti kipaumbele, maana mtoto anayejifunza kusoma anahitaji kusikia na kusikika. Mkubwa anaweza kusoma peke yake. Anajua, ila hawezi kukiri.

Na mkiingia kwenye kipindi zimeni kipaza sauti. Wiki hii darasa langu lote limemsikia baba mmoja akitafuta soksi kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa.

---

Zamu ya Saa Sita amejibu:

Mama Ghorofani, pole sana.

Mimi ni baharia, ofisa wa pili kwenye meli za mizigo. Sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeishi na watu ishirini na kidogo ndani ya chuma, hakuna kutoka, sura zilezile mezani asubuhi na jioni. Kufungiwa nimekuzoea. Kufungiwa na watoto ndiko kugeni kwangu, maana sasa niko nyumbani. Nilikuwa nipande meli Aprili, ndege zikasimama. Yule niliyekuwa niende kumpokea bado yuko hukohuko baharini na mkataba wake ulishakwisha. Ananitumia salamu ambazo Chaki Nyeupe asingeziandika hapa. Kwa kawaida mabaharia kama 100,000 hubadilishana kila mwezi duniani. Sasa tumekwama, wengine huko, wengine huku.

Umeuliza kuhusu simu, meza na mtoto wa mlangoni. Mimi nimetafuta kwenye maelezo yako saa ambayo wewe hauko zamu, sikuiona. Mumeo anayo: akifunga mlango yuko kazini, akiufungua amemaliza, akienda dukani anapunga upepo. Wewe uko zamu tangu unapofumbua macho, na hakuna anayekuja kukupokea. Melini jambo hilo ni kosa, na sikutanii. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na si chini ya saa 77 katika siku 7. Mapumziko ya siku yasikatwe zaidi ya vipande viwili, na kimoja kiwe si chini ya saa 6. Tunaziandika saa hizo, na mkaguzi akipanda bandarini anaziomba. Sheria hiyo haikuletwa na huruma. Mtu aliyechoka huipandisha meli mwambani huku macho yako wazi.

Chukua karatasi uandike zako za juzi na jana. Halafu mpe mumeo asome bila wewe kusema neno.

Sasa zamu zenyewe. Siku tunaikata saa nne nne: saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili, saa mbili hadi saa sita, na usiku inajirudia. Ukifanya nne unapumzika nane. Sisemi muige hivyo, mtoto wa miaka mitatu si injini. Ninachotaka muazime ni makabidhiano, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinavuja.

Anayekuja kupokea zamu hufika mapema kidogo, hasa usiku, ili macho yazoee giza. Haulizi "vipi?" Anaambiwa: tuko hapa, tunaelekea kule, meli ile ya kulia inatukatiza, nahodha anataka aamshwe tukifika mahali fulani. Akishaelewa anasema kwa mdomo wake kwamba amepokea. Kabla hajasema, yule wa mwanzo haondoki. Akishasema, yule wa mwanzo anaondoka kabisa, habaki mlangoni kumsahihisha mwenzake. Na kama anayekuja hajiwezi, kalewa au anaumwa, hupaswi kumwachia, unamwita nahodha.

Nyumbani kwangu tunakabidhiana mchana, kwenye mlango wa jiko. Mke wangu ni fundi cherehani, siku hizi anashona barakoa. Ananisomea: "Mdogo amekula nusu sahani, saa tisa atadai. Dawa ya kikohozi ni ya jioni tu, usimpe akikohoa kwa makusudi. Mkubwa atakwambia amemaliza kuandika, mwambie afungue ukurasa wa nyuma. Nguo ziko kwenye maji." Nami nasema nimepokea. Anaingia chumbani, cherehani inaanza. Kuanzia hapo mtoto akimlilia mama, mama ni mimi. Mwanzoni kikombe kilikuwa kikianguka anatoka mbio. Nikamwambia ukitoka mimi naenda kulala, uchague. Hakutoka tena, ila alinichukia hadi Ijumaa.

Unaona tofauti yake na "nikusaidie nini?" Mtu anayeuliza akusaidie nini hajapokea zamu. Bado ramani yote iko kichwani mwako, yeye amekuja kubeba ndoo.

Binti yako na selotepu yake usimgombeze. Nilipoanza kazi tulilala wawili chumbani, kitanda juu na kitanda chini, kila kitanda na pazia lake. Pazia likivutwa, mwenye kitanda hayupo. Humsemeshi hata kama unaiona miguu yake. Mtoto huyo anatafuta pazia. Mpe: nyuma ya kochi, au chini ya meza ukining'iniza shuka, na muda ambao hata wewe huingii bila kubisha. Choo kiwe bahari kuu, hakina mwenyewe.

Sasa huyu wa viatu. Acha kumwambia kesho.

Mkataba mrefu peke yake haumvunji baharia. Nimefanya kazi na watu waliomaliza miezi tisa wakipiga mluzi. Kinachomvunja ni kuambiwa unashuka bandari ijayo, ukafunga begi, kisha bandari ijayo ikawa inayofuata. Begi likishafunguliwa hivyo mara mbili, mtu huyo ni wa kuchunga: ananuna, anagombana kwa sababu ya kijiko, anasahau vifungo. Na hizi amri zinazoongezwa wiki mbili mbili zinatufanyia vilevile. Wuhan walifungiwa Januari 23, wakafunguliwa Aprili 8. Siku 76, na siku ya kwanza hakuna aliyewapa tarehe. Mtoto wa miaka mitatu hajui kesho ni nini, anajua tu kwamba ulisema na haikuwa.

Mpe kitu ambacho leo hii kitatokea, chenye viatu ndani yake. Kama ngazi za jengo mnaruhusiwa, ikifika saa kumi avae viatu, mshuke mpaka mlango wa chini, mhesabu ngazi, mpande. Kila siku, saa hiyohiyo. Melini kila mwezi tunafanya zoezi la kuiacha meli. King'ora kinalia, tunavaa maboya, tunajipanga penye mashua za uokozi, tunahesabiwa, kisha tunarudi kazini. Sijawahi kuona mtu mzima akilia kwamba hatukuondoka.

Kuhusu kibali, muulize mumeo kama jina linaweza kubadilishwa. Nimeishia hapo.

---

Nyuki Jike amejibu:

Maneno matamu, ofisa, kwa wenye wa kuwapokea. Mimi niko peke yangu na wawili, mmoja ananyonya. Nikisema "nimekabidhi" nitamwambia nani, friji?

---

Zamu ya Saa Sita:

Umenishika pazuri, dada. Meli ambayo watu wake hawatoshi haitakiwi kuondoka bandarini, lakini wewe umeshaondoka nayo. Basi tia nanga. Chagua saa moja ya mchana ambayo nyumba nzima inasimama: kila mtu kwenye godoro lake, wewe pia, hakuna shule, hakuna vyombo, hakuna kufagia. Mkubwa si lazima alale, ila haruhusiwi kushuka. Vyombo vitakuwepo.

Halafu kuna wa kukupokea kwa simu. Yupo bibi, shangazi au rafiki aliyefungiwa peke yake anayetamani sauti ya mtoto. Mwambie saa fulani kila siku amhadithie mkubwa kwa spika nusu saa, wewe ukaoge. Na umpe makabidhiano kamili, siyo "ongea naye kidogo". Mwambie mtoto ameamkaje na jana hadithi iliishia wapi. Atajiona ana kazi.

---

Nyuki Jike:

Hilo la kuoga bila kusikilizia nimelipokea. Kwa mdomo.

---

Ubao wa Matangazo amejibu:

Niongezee kwenye kibali na kwenye mtoto wa mlangoni, kwa sababu dada yangu yuko Hispania.

Kwao amri ilianza katikati ya Machi, na watoto chini ya miaka 14 hawakuruhusiwa kutembea nje hata kidogo hadi Aprili 26. Wiki sita. Mbwa alikuwa na ruhusa ya kutoka tangu mwanzo. Mpwa wangu aliuliza kama anaweza kuvalishwa kamba. Walipofunguliwa walipewa saa moja kwa siku, kati ya saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, si zaidi ya kilomita moja kutoka nyumbani, mtu mzima mmoja na watoto wasiozidi watatu.

Dada alidhani mtoto atakimbia kama mshale. Walifika kwenye kona ya jengo, mtoto akamshika mkono akasema miguu inauma, turudi. Jua lilikuwa kali kwake, magari machache yaliyopita yakamtisha. Ilichukua siku kadhaa kabla hajachangamka. Kwa hiyo, Mama Ghorofani, siku mkifunguliwa usitegemee sherehe mlangoni. Anaweza kugoma, na si kwamba ameharibika. Hizo ngazi za ofisa zifanyeni kwa ajili ya miguu pia.

Kuhusu nani anatoka: Panama walipanga kwa jinsia kuanzia Aprili 1. Wanawake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa; wanaume Jumanne, Alhamisi na Jumamosi; Jumapili hakuna mtu. Peru nao wakajaribu, wakauacha mpango huo kabla ya wiki mbili. Siku za wanawake masoko yalifurika. Unaweza kukisia kwa nini. Manunuzi ya nyumba nzima yalikuwa yamekaa kichwani mwa mtu mmoja, serikali ikampunguzia siku.

Kwako ni kinyume, mumeo ndiye ananunua. Niambie kweli, orodha anaandika nani?

---

Mama Ghorofani:

Naandika mimi. Na akifika dukani ananipigia simu kuuliza ni ipi.

---

Mlango wa Uani amejibu:

Samahani kwa kuingiza jambo zito. Mada hii inasomwa na wengi kuliko wanaoandika, na si kila nyumba anayefunga mlango anakwenda kikaoni.

Aprili 5, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alizitaka serikali ziweke ulinzi wa wanawake dhidi ya ukatili kwenye mipango yao ya korona, kwa sababu wengi wamefungiwa pamoja na anayewapiga. Visiwa vya Canary walianza utaratibu wa mwanamke kuingia duka la dawa na kuomba "barakoa 19". Mfamasia anaelewa na kupiga simu. Duka la dawa lilichaguliwa kwa sababu ndipo mahali anapoweza kwenda bila kuulizwa maswali mengi.

Kama kwenu hakuna utaratibu kama huo, jitengenezeeni na mtu mmoja mnayemwamini: neno moja la kawaida kabisa ambalo akilipata kwenye ujumbe anajua aite msaada, bila kukupigia wewe. Ujumbe ukishatumwa ufutwe. Na kibali, hati za watoto na dawa zao viwe pamoja mahali pamoja. Kwenye nyumba hizo habari ya makabidhiano na orodha ya saa isijaribiwe. Msimpe karatasi ya kusoma.

---

Zamu ya Saa Sita:

Asante kwa kuliweka hilo. Nilipoandika "mpe mumeo asome" nilikuwa nikimjibu yeye na nyumba yake aliyoieleza. Wengine wamsikilize Mlango wa Uani.

---

Mama Ghorofani:

Nimerudi na majibu, maana humu watu wanauliza halafu wanapotea.

Karatasi niliiandika. Sikuwa na haja ya kumpa, aliikuta juu ya kompyuta yangu. Akasoma, akanyamaza, akasema, "Saa kumi za kupumzika hata mimi sina." Tukaandika na zake. Kweli hana kumi, ila anazo saba za mfululizo. Mimi kipande changu kirefu kuliko vyote hakifiki saa tano, kwa sababu mdogo huamka usiku na anaita jina moja tu.

Tumekubaliana makabidhiano mawili, saa nne asubuhi akiwa hana kikao na saa kumi na moja jioni. La kwanza lilikuwa kichekesho. Nilimsomea yote, akasema "nimepokea" kwa sauti ya redio, na kabla sijakaa akafungua mlango kuuliza nepi za usiku ziko wapi. Sikujibu. Nilitazama ukuta hadi akafunga. Alizipata, maana zipo palepale zilipokaa miaka yote mitatu. Chakula cha jioni tulikula tumechelewa na binti alikuwa na wino masikioni. Lakini orodha ya mishahara niliimaliza mchana badala ya usiku wa manane.

Kibali kimebadilishwa, sasa kina jina langu. Nilisimama foleni ya duka, alama za miguu chini, kila mtu mbali na mwenzake, barakoa zimetufanya wote kama tunafanana. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa akilalamika foleni haisogei. Mimi nilikuwa naomba isisogee.

Walimu wa mkubwa, watatu wamekubali kurekodi. Mmoja amejibu kwa alama ya dole gumba, sijui maana yake ni nini.

Ngazi tunashuka saa kumi. Mdogo hajaacha kabisa kukaa mlangoni asubuhi, ila sasa anakuja kuuliza, "Ni kumi?" na nikisema bado anarudi kwenye magari yake. Binti amepewa chini ya meza, kwa sharti kwamba mimi nikifanya kazi juu yake asinivute vidole vya miguu. Sharti hilo linavunjwa.

Limebaki moja, ofisa. Mkubwa. Analala saa tisa usiku, anaamka saa sita mchana, hana uso. Baba yake anataka kumwamsha kwa nguvu saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ni kelele. Kijana wa miaka kumi na minne melini mngemfanya nini?

---

Chaki Nyeupe:

Kabla ofisa hajaja: katika umri huo usingizi huchelewa kuja wenyewe, ni mwili, si jeuri peke yake. Saa kumi na mbili ni vita ambayo baba atashindwa. Alale kabla ya saa saba usiku, aamke saa nne asubuhi, mtakuwa mmeshinda wote.

---

Zamu ya Saa Sita:

Melini mtu wa namna hiyo tunaye, na hatumwamshi. Zamu yangu mwenyewe ni saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Kuna watu wameumbiwa saa hizo, tunawapa kazi.

Sasa hivi kijana wako yuko macho usiku bila wadhifa, ndiyo maana ana simu tu. Mpe zamu, saa tatu usiku hadi saa saba kasoro robo. Simu iwe yake wakati huo kihalali, kwa sababu mtandao ni mwepesi na nyote mmelala: apakue vipindi vyake vilivyorekodiwa na video za dada yake za kesho, azipange kwa majina. Akague jiko la gesi, mlango, bomba la jikoni linalovuja (kila nyumba ina moja). Mdogo akiamka kabla ya saa saba, yeye ndiye wa kwanza kwenda. Akishindwa ndipo amwamshe baba, siyo wewe. Kisha aandike kwenye daftari, mistari michache yenye saa: nani aliamka, alipewa nini, kipi kimepakuliwa, chaji ya simu imebaki kiasi gani. Aweke sahihi, simu aiache juu ya daftari, alale.

Usimsifie sana, atashtuka. Akikosea kuandika mwambie tu mstari fulani hausomeki.

Asubuhi daftari hilo alisome baba yake ndiye apokee, na amwamshe saa nne. Wewe saa hizo utakuwa umeshakabidhi.